Shabana Azmi au Smita Patil: uanze kumtazama nani?

Mtu aliyekulia kwenye filamu za Kihindi anazijua kanuni zake bila kufundishwa: steringi hafi mapema, mama hulia sana, nyimbo hazikosi, na adui hupata chake mwishoni. Majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa yalijaa watu kwa ajili ya filamu hizo tangu kabla ya uhuru, na tuni zake ziliazimwa hadi kwenye taarab. Ila katika India hiyohiyo, kuanzia miaka ya 1970, ilikuwepo sinema ya namna nyingine: fedha kidogo, vijiji vya kweli, watu wanaoongea kama watu wa kawaida, na mambo ambayo Bombay ya nyimbo, yaani tasnia kubwa ya filamu za Kihindi, iliyapita kando, kama ardhi, tabaka, njaa, na ndoa inayovunjika ikabaki imevunjika. Mbele kabisa ya sinema hiyo walisimama wanawake wawili, Shabana Azmi na Smita Patil.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kuwajua lakini hana muda wa kutazama filamu hamsini ndipo aamue. Nawapenda wote wawili, tena sana, na bado nasema hawafanani. Ukianza na asiyekufaa unaweza kuacha njiani ukidhani sinema yote hiyo ni ya kuchosha. Jibu langu nalitoa mapema: filamu ya kwanza iwe ya Smita, lakini anayetafuta mwigizaji wa kukaa naye miaka, amchukue Shabana. Tofauti kubwa naiona hapa. Shabana hukuonyesha mwanamke akifikia uamuzi, hatua kwa hatua, mpaka unaona wazo likipita usoni. Smita hukuonyesha mwanamke ambaye uamuzi umeshamkaa mwilini, wala hana haja ya kukueleza.

Walikotoka

Shabana alizaliwa Hyderabad mwaka 1950, katika nyumba ya maneno. Baba yake, Kaifi Azmi, alikuwa mshairi mkubwa wa Kiurdu na mkomunisti. Mama yake, Shaukat, alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Binti alisoma saikolojia Bombay, kisha akaenda kujifunza uigizaji katika chuo cha filamu cha Pune, kile kinachojulikana kama FTII. Alipoingia kazini alikuwa ameiva. Malezi hayo unayasikia hata kama hujui Kiurdu: kila neno linatoka limekamilika, halimezwi, halikimbizwi.

Smita alizaliwa Pune mwaka 1955. Baba yake alikuwa mwanasiasa wa jimbo la Maharashtra, mama yake mfanyakazi wa huduma za jamii. Yeye hakufundishwa uigizaji darasani. Alikuwa akisoma taarifa ya habari kwa Kimarathi kwenye televisheni ya taifa, Doordarshan, kituo cha Bombay, na husimuliwa kwamba alikuwa akifika kazini na suruali ya jinzi, akajifunga sari juu yake dakika chache kabla ya kwenda hewani. Shyam Benegal, aliyekuwa mwongozaji mpya wakati huo, alimwona akamchukua.

Benegal huyohuyo ndiye aliyempa Shabana filamu yake ya kwanza kutoka. Kwa hiyo tunao wanawake wawili waliolelewa na mwongozaji mmoja, katika miaka ileile, mara nyingi mbele ya kamera ileile ya Govind Nihalani. Ni nadra kupata ulinganisho wa haki namna hii. Tofauti unayoiona kati yao ni yao wenyewe, haitoki kwa fundi.

Mwanamke wa kijijini: Ankur na Mirch Masala

Ankur ilitoka mwaka 1974. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Benegal, na fedha zake zilitoka Blaze, kampuni iliyokuwa ikifanya biashara ya matangazo ya kwenye majumba ya sinema. Shabana anacheza Lakshmi, mtumishi wa tabaka la chini katika kijiji cha upande wa Hyderabad. Mumewe ni mfinyanzi, bubu na kiziwi, anayekunywa kupita kiasi. Kijana wa mwenye ardhi, Surya, analetwa kutoka mjini kusimamia shamba la baba yake, na macho yake hayambanduki Lakshmi. Siku moja mume anakamatwa akiiba tembo, ile pombe ya kugema. Ananyolewa kichwa, anazungushwa kijijini juu ya punda, na kwa aibu anatoweka. Lakshmi anabaki peke yake na bwana. Yanayotokea baada ya hapo unaweza kuyakisia, pamoja na mimba, pamoja na woga wa bwana mkewe alipofika.

Cha kutazama ni macho ya Shabana. Karibu filamu nzima Lakshmi anaangalia chini, kama mtumishi anavyotakiwa. Lakini angalia vizuri, utaona kwamba kuangalia kwake chini hakufanani mara mbili. Kuna chini ya heshima, kuna chini ya kupima hatari, na kuna chini ya mwanamke anayejua kwamba anatamaniwa naye hachukii kabisa. Ndiyo sababu mwisho unapiga kwa nguvu. Mume anarudi akiwa ameacha pombe, anakwenda kwa bwana kuomba kazi, bwana anadhani amekuja kulipiza kisasi, basi anamchapa kwa kamba. Lakshmi anakuja mbio, anamkinga mumewe, na kwa mara ya kwanza anamtazama bwana usoni na kumlaani mbele ya watu wote. Umekaa naye saa mbili akifika hapo. Kila hatua umeiona.

Sasa chukua Mirch Masala ya Ketan Mehta, iliyotoka mwaka 1987 Smita akiwa ameshafariki. Tuko Gujarat wakati wa ukoloni. Mtoza kodi, subedar, anapiga kambi karibu na kijiji na wanajeshi wake, anachukua atakacho: mbuzi, samli, wanawake. Smita ni Sonbai. Wenzake wanapowakimbia farasi wa subedar kule mtoni, yeye anabaki palepale na mtungi wake. Baadaye subedar anapomshika kwa nguvu anamzaba kofi na kukimbilia kwenye kiwanda cha kusaga pilipili. Mlinzi mzee, Abu Mian, anafunga lango. Filamu iliyobaki ni kuzingirwa: subedar nje na bunduki, wanawake ndani na marundo ya pilipili nyekundu, na wazee wa kijiji katikati wakibishana kama mwanamke mmoja si bei ndogo ya amani.

Smita hapa hana hotuba. Sonbai haambiwi abadilike wala hajifunzi chochote; alijijua tangu dakika ya kwanza pale mtoni. Kazi yote iko kwenye shingo, kwenye namna anavyosimama, kwenye mkono unaokaa juu ya mtungi bila haraka. Wanawake wenzake wanapoanza kumgeuka, wakimwambia atoke ili wao wapone, kamera inamkaribia na yeye hafanyi karibu chochote. Mwigizaji mwingine angelia. Yeye anawasikiliza. Halafu lango linavunjwa, Abu Mian anakufa, na pilipili iliyosagwa inarushwa. Ninayemwonyesha filamu hii kwa mara ya kwanza hufumba macho hapo, kana kwamba unga umemfikia.

Kati ya hizi mbili, Ankur ndiyo filamu iliyokomaa zaidi. Mirch Masala ina sehemu zinazopiga kelele, na Naseeruddin Shah kama subedar anafurahia ubaya wake kuliko inavyohitajika. Hata hivyo kwa mtu anayeingia kwa mara ya kwanza nachagua Mirch Masala bila kusita. Ina adui, ina hatari, ina mwisho unaoinua watu vitini, kwa hiyo jicho lililozoea filamu za Kihindi linapata pa kushika wakati linajifunza kutazama kitu kipya.

Na ukipenda Sonbai, nenda moja kwa moja kwenye Manthan ya 1976. Hii ni hadithi ya wafugaji wa Gujarat wanaoanzisha chama cha ushirika cha maziwa, na fedha za kuitengeneza zilichangwa na wafugaji wenyewe: watu 500,000, kila mmoja rupia 2. Smita anacheza Bindu, mwanamke mkali wa tabaka la chini mwenye mifugo yake na mashaka yake juu ya daktari aliyetoka mjini. Msomaji anayevijua vyama vya ushirika vya huku kwetu, vya kahawa au vya maziwa, atawatambua watu wote: mnunuzi anayepunja, mwenyekiti anayetaka uchaguzi uende anavyopenda yeye, na mtaalamu mwenye nia njema asiyejua anakanyaga wapi.

Walipowekwa pamoja: Arth

Walikutana kwenye filamu zaidi ya moja. Katika Nishant ya 1975 Shabana ni mke wa mwalimu anayetekwa na ndugu wa mwenye ardhi, na Smita ni mke wa mdogo wao, ndani ya nyumba hiyohiyo ya watekaji. Katika Mandi ya 1983 Shabana alinenepa makusudi ili acheze mama mwenye danguro la Hyderabad, na Smita ni binti mwimbaji anayelindwa humo kama johari. Mandi inachekesha na inauma kwa pamoja. Shabana ndiye anayeitawala, na anayedhani yeye ni wa huzuni tu aitazame.

Lakini Arth ya Mahesh Bhatt, ya mwaka 1982, ndiyo mizani yenyewe. Hadithi ni nyepesi kuisimulia. Pooja, yatima aliyekuwa akitamani nyumba yake mwenyewe maisha yote, anaachwa na mumewe Inder, mwongozaji wa filamu, kwa ajili ya mwigizaji aitwaye Kavita. Shabana ni Pooja. Smita ni Kavita. Bhatt hakuficha kwamba hadithi hiyo ilitoka maishani mwake, kwenye uhusiano wake na mwigizaji Parveen Babi.

Watu wengi humtaja Shabana tu wanapoizungumzia Arth, na naelewa kwa nini. Kuna karamu ambapo Pooja, amelewa, anamfuata mumewe na Kavita mbele ya wageni na kumwaga yaliyomjaa. Ni uigizaji wa hatari, kwa sababu mlevi ni rahisi kumfanya kichekesho. Shabana anapanda na kushuka: sekunde moja ni mke aliyedhulumiwa, inayofuata ni mtoto anayeomba asiachwe, kisha anaona aibu ya alichokifanya huku bado anakifanya. Na kuna ule wimbo wa Jagjit Singh, ambapo mwimbaji anamuuliza mwanamke anayetabasamu sana ni huzuni gani anaificha. Maneno yake aliyaandika Kaifi Azmi. Baba anaandika, binti anatabasamu huku machozi yamemlenga. Sijui filamu nyingi zenye dakika kama hizo.

Hata hivyo mrudie Kavita. Smita alipewa nafasi ndogo na isiyopendwa, ile ya mwanamke anayevunja nyumba ya mwenzake, tena mwenye akili inayomtoka kidogo kidogo. Angeweza kuomba huruma yetu. Haombi. Anamcheza Kavita kama mtu anayeogopa kila mlango unaogongwa, na hofu hiyo inakaa mabegani na kwenye vidole kabla haijafika kwenye maneno. Anapomwambia Inder aende zake, kwa kuwa mwanamume aliyemwacha mke mmoja hawezi kumpa usalama mwingine, unatambua kwamba naye alikuwa anafikiri muda wote huo, sisi ndio hatukuambiwa.

Mwishoni Inder anarudi kwa Pooja. Pooja anamuuliza: kama mimi ndiye ningefanya uliyoyafanya, ungenipokea? Anajibu hapana. Pooja anaondoka. Wasambazaji wa wakati ule walizoea mke anayesamehe, na mwisho huu ulikwenda kinyume na kila walichokiuza. Shabana anauliza swali lile kwa sauti ya chini, bila ushindi, kama mtu anayetaka kweli kujua jibu. Hapo ndipo ninaposema yeye ni bingwa wa uamuzi: unamwona akisikia jibu, akilipima, akalikubali, kisha miguu inafuata.

Magazeti ya Bombay yaliwagombanisha wawili hawa miaka yote, na si yote yalikuwa ya kubuni. Shabana mwenyewe amesema hadharani kwamba ushindani ulikuwepo, na kwamba anajutia baadhi ya maneno aliyoyasema juu ya mwenzake. Namheshimu kwa hilo.

Wanawake wanaotoka nyumbani

Hapa Smita anashinda, na nasema hivyo nikijua wapenzi wa Shabana hawatafurahi.

Bhumika ya 1977 inafuata maisha ya mwigizaji wa Kimarathi, Hansa Wadkar. Smita alikuwa na miaka ishirini na kitu tu, na ilibidi amcheze mwanamke kuanzia usichana hadi utu uzima, akipita mikononi mwa mume mnyonyaji, wapenzi wa aina mbalimbali, na tajiri mmoja anayempa nyumba nzuri shambani kisha akamkataza kutoka nje ya geti. Filamu inabadilisha rangi kadiri wakati unavyobadilika, na unaweza kupotea kidogo mwanzoni. Mshike Smita tu. Akiwa mbele ya kamera ndani ya hadithi, yaani anapocheza mwigizaji anayeigiza, anakuwa mkubwa na mwenye nuru. Akirudi nyumbani anasinyaa, na hakuna kipodozi wala taa iliyofanya hivyo. Alipata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu hii, na alistahili.

Umbartha ya 1982, ya Kimarathi, iliyoongozwa na Jabbar Patel, ni tulivu zaidi na ndiyo ninayoipenda kuliko zote za Smita. Sulabha, mke wa familia ya kitajiri, anakubali kazi ya kusimamia makazi ya wanawake mbali na nyumbani, na kumwacha mtoto wake kwa ndugu wa mume. Huko anakuta bodi ya wakubwa wanaopenda sifa kuliko wale wanawake waliopaswa kuwatunza. Hakuna anayempiga, hakuna anayemtukana. Familia yake ni ya watu wema na wasomi, na wema huo ndio unaomfungia. Filamu hii ilitengenezwa pia kwa Kihindi kwa jina la Subah, lakini ukiweza chukua ya Kimarathi, lugha aliyokulia nayo Smita.

Kwa upande wa Shabana, mwanamke wa nyumbani aliyekwama anapatikana kwenye Masoom ya 1983, ambapo anagundua mumewe ana mtoto wa nje na mtoto huyo analetwa kuishi kwao. Ni filamu nzuri ya kutazama na familia, na kwetu hadithi hiyo haihitaji maelezo. Halafu kuna Fire ya Deepa Mehta, ya 1996, juu ya wake wawili wa ndugu wawili katika nyumba moja ya Delhi wanaopendana. Ilipoonyeshwa India mwaka 1998, majumba ya sinema yalivamiwa na kuvunjwa. Shabana aliikubali kazi hiyo akiwa tayari na jina kubwa la kupoteza, akiwa pia mbunge wa kuteuliwa wa Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India, wakati fujo zilipozuka, na hakurudi nyuma.

Umaskini: Chakra na Paar

Chakra ya 1981 ni ya vibanda vya Bombay, na ilimpa Smita tuzo yake ya pili ya taifa. Anacheza mama aliyekimbia kijijini na mwanawe, akiota kuwa na kibanda kisichovuja. Ni filamu nzito na wakati mwingine inajikwaa, ila yeye hajikwai.

Paar ya Gautam Ghose, ya 1984, ni kitu kingine. Mume na mke wanakimbia Bihar baada ya watu wa mwenye ardhi kuchoma kijiji chao. Wanafika Kolkata, hawapati kazi, wanataka kurudi na hawana nauli. Kazi pekee wanayopata ni kuvusha kundi la nguruwe mto mpana, kwa kuogelea nao. Mke ni mjamzito. Naseeruddin Shah ndiye mume, na alipata tuzo ya mwigizaji bora Venice kwa kazi hiyo. Uvushaji wenyewe unachukua muda mrefu kwenye skrini: maji ya kahawia, vichwa vya nguruwe, mkondo unaowavuta, na Shabana akizama na kuibuka. Hakuna tena uamuzi wa kufikia, kuna kupumua tu. Kwa filamu hiyo moja Shabana anaingia kwenye eneo la Smita, la mwili bila maneno, na anaonyesha kwamba hata huko angeweza kukaa akitaka. Baada ya nguruwe kuvuka, mume anaweka sikio kwenye tumbo la mkewe kusikiliza kama mtoto yu hai. Sitasema anasikia nini.

Bombay ya nyimbo

Huenda umeshawaona wote wawili bila kujua. Shabana yumo kwenye Amar Akbar Anthony na Parvarish, zote za 1977. Smita yumo kwenye Shakti na Namak Halaal, zote za 1982, na ule wimbo wa mvua wa Namak Halaal, akiwa na Amitabh Bachchan, bado unapigwa hadi leo. Inafahamika kwamba baada ya kuupiga aliumia sana moyoni, akihisi amejishusha. Kazi hizi ziliwapa nyumba na umaarufu, na umaarufu huo ulizisaidia filamu ndogo kupata watazamaji. Ila kwa ajili ya kuchagua, ziruke. Hakuna hata mmoja anayeonekana alivyo humo.

Miaka na tuzo

Shabana ana tuzo 5 za taifa za mwigizaji bora wa kike, idadi ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyeifikia: Ankur, kisha Arth, Khandhar na Paar mfululizo, na baadaye Godmother. Smita anazo 2. Usichague kwa hesabu hiyo, kwa sababu Smita alifariki tarehe 13 Desemba 1986, akiwa na miaka 31, kwa matatizo ya uzazi, wiki mbili tu baada ya kumzaa mwanawe. Kazi yake yote ni ya miaka kama kumi na mbili. Humo alicheza Kihindi, Kimarathi, Kibengali kwa mwongozaji Mrinal Sen, Kimalayalam kwa mwongozaji Aravindan, na filamu ya televisheni ya mwongozaji Satyajit Ray.

Wala usimchague kwa sababu alikufa kijana. Nimeona watu wakiandika juu yake kana kwamba kila tabasamu lake lilikuwa utabiri wa kifo. Ni kumdhulumu. Alikuwa fundi, akifanya kazi bila kupumzika, na filamu zake zinastahili kutazamwa kama za mtu aliyekuwa na mipango ya kesho.

Shabana kwa bahati anatupa kitu ambacho Smita hakujaliwa: uzee mbele ya kamera. Unaweza kumfuata kuanzia mtumishi wa miaka ishirini na kitu hadi mchawi wa kutisha watoto kwenye Makdee ya 2002, mama anayezika binti kwenye Neerja ya 2016, na bibi anayekutana tena na mpenzi wa zamani kwenye Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani ya 2023. Ndiyo maana nilisema anayetaka mwigizaji wa miaka amchukue yeye. Sura uliyoizoea inabadilika taratibu, na unaanza kutambua vitu alivyovibeba kutoka filamu moja hadi nyingine: namna ya kunyamaza kabla ya kujibu, na namna ya kushika ukingo wa sari akitaka kupata muda.

Kwa hiyo ufanyeje

Kama una jioni moja tu na wenzako sebuleni wamezoea filamu za mapigano, weka Mirch Masala. Kama uko peke yako na una subira, weka Ankur. Kama ndoa, yako au ya mtu wa karibu, imekuwa ikikuumiza kichwa, nenda Arth, lakini ningependa iwe ya tatu, ukiwa umeshamjua kila mmoja kivyake, ndipo uwaone wakikabiliana. Ukiwa kazini na umechoka na mikutano ya bodi, Umbartha itakuelewa. Watoto wapewe Makdee. Paar isubiri siku ambayo umelala vizuri.

Ukifika Manthan, tafuta nakala iliyokarabatiwa, ile iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2024. Nakala za zamani zinazozunguka mtandaoni zimefifia hadi vumbi la Gujarat linafanana na ukungu, na nyuso za wafugaji hazionekani, ilhali nyuso hizo ni nusu ya filamu. Maandishi ya tafsiri kwenye nyingi kati ya filamu hizi ni ya Kiingereza, kwa hiyo kama unatazama na bibi au babu asiyekisoma, msimulie mwanzo tu nani ni nani na nani anamdai nani. Yanayobaki atayafuata mwenyewe kwenye uso wa Smita.